Mgongo wazi na moyo wenye tundu: panya wanatufundisha nini?

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi kiinitete kinavyojengwa wiki za mwanzo. Barua zilizokuja baada ya hapo nyingi ni za wazazi, na karibu zote zinagusa jeni, moyo na uti wa mgongo. Najibu tano leo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno mengine.

Shikamoo Daktari. Mtoto wangu wa pili alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa na siku chache, Mungu akajalia ukaenda vizuri. Alipofika miezi mitatu wakasikia sauti isiyo ya kawaida moyoni, na kipimo cha eko, yaani utrasaundi ya moyo, kikaonyesha ana tundu. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilibeba ndoo za maji mimba ikiwa ya miezi mitano. Wengine wanasema mengine ambayo siwezi kuyaandika. Daktari mmoja kijana aliniambia huko Ulaya kuna panya wenye shida hizo mbili kwa pamoja. Ni kweli? Mgongo na moyo vinakutana wapi? – Mama wa watoto wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nianze na ndoo. Ndoo haikufanya lolote. Uti wa mgongo wa binadamu hufunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kwamba wamebeba. Ulipokuwa unachota maji kwenye mwezi wa tano, mgongo wa mwanao ulikuwa umeshabaki wazi kwa zaidi ya miezi mitatu. Na hayo mengine wanayoyasema, ambayo hukutaka kuyaandika, hayana nafasi kabisa kwenye hesabu hiyo. Waonyeshe ukurasa huu.

Sasa panya. Ndiyo, wapo, na mimi nimewafanyia kazi miaka ya nyuma nilipokuwa nasoma London, kabla sijarudi kufundisha. Mimba ya panya ni siku 19 au 20 tu. Siku ya nane na nusu unakitoa kiinitete, unakiweka kwenye kisahani chenye maji ya uvuguvugu, unakitazama kwa darubini. Kina urefu wa milimita 2 hivi, ni chepesi kiasi kwamba mwanga unapita. Mgongoni kuna kibamba cha seli ambacho kingo zake mbili zinanyanyuka na kuelekeana, kama jani la mhindi linavyojikunja jua likiwa kali. Kingo zikikutana zinashikana, na ule mrija unaopatikana ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Chini yake tu, karibu na pale kichwa kinapoanzia, kuna kimrija kingine kilichopinda kidogo. Ukitulia unakiona kinacheza. Huo ni moyo. Umbali kati ya mgongo unaofunga na moyo unaopiga hauzidi unene wa uzi.

Kwa hiyo swali lako la vinakutana wapi lina jibu: vinakutana hapo, siku hizohizo, na seli zao zinatumia jeni nyingi zilezile.

Nikupe mifano miwili. Wa kwanza ni panya walioelezwa Marekani mwaka 1949 kwa sababu mikia yao ilikuwa imejipinda. Panya mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo anaishi na mkia wake uliopinda. Kijusi kilichorithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama kinakuwa na mgongo wazi wote, kuanzia kwenye ubongo hadi mkiani, na hakiishi baada ya kuzaliwa. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 2001, inaitwa Vangl2. Kazi yake ni kuziambia seli ziangalie upande gani. Seli za kiinitete zinapaswa kujipanga na kubanana kuelekea katikati ili mwili urefuke. Zisipojua upande, mwili unabaki mfupi na mpana, na zile kingo mbili za mgongo zinakuwa mbali mno, haziwezi kufikiana. Mwaka huohuo wa 2001 wachunguzi walipowafungua vifua vijusi hao wakakuta moyo nao una kasoro: tundu kati ya vyumba viwili vya chini, na mshipa mkuu wa aorta ukitokea chumba cha kulia badala ya cha kushoto. Seli zinazojenga mlango wa kutokea damu nazo zilikosa mwelekeo. Jeni ni moja, kosa ni lilelile, na limejeruhi sehemu mbili.

Mfano wa pili ndio ulionigusa mimi kuliko yote niliyosoma. Kuna panya mwenye doa jeupe tumboni, ambaye jeni yake iliyoharibika inaitwa Pax3. Jeni hii inafanya kazi juu kabisa kwenye zile kingo za mgongo. Sasa, kingo zinapokutana, kuna kundi la seli ambazo haziendelei kukaa pale. Zinaachana na mgongo na kuanza safari. Nyingine zinakwenda kwenye ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana panya huyu ana doa jeupe. Nyingine zinashuka shingoni mpaka kwenye moyo, zinaingia kwenye mshipa mmoja mnene unaotoka moyoni, na hapo zinajenga ukuta unaougawa mshipa huo kuwa miwili: mmoja wa kwenda mapafuni, mwingine wa kwenda mwilini. Mwanasayansi wa Marekani, Margaret Kirby, ndiye aliyeonyesha jambo hili kwa kuku mwaka 1983. Aliondoa seli hizo kwenye kiinitete cha kifaranga zikiwa bado mgongoni, na moyo ukakua bila ule ukuta. Nilipolisoma mara ya kwanza nilikaa muda mrefu bila kufungua ukurasa mwingine. Sehemu ya moyo wako imetoka mgongoni.

Kijusi cha panya chenye nakala mbili mbovu za Pax3 kinakuwa na mgongo wazi, na mshipa wa moyo unabaki mmoja usiogawanyika. Wengi hufa karibu na siku ya 14.

Sisemi kwamba mwanao ana jeni hizo, mwanangu. Kwa watoto wengi wenye mgongo wazi hakuna jeni moja unayoweza kuinyooshea kidole. Ni mchanganyiko wa jeni kadhaa zenye udhaifu mdogo mdogo pamoja na hali ya mwili wa mama katika wiki zile chache, hasa upungufu wa vitamini iitwayo foliki. Lakini panya wanatuonyesha njia ambayo mgongo na moyo vinaweza kuumia pamoja, na katika njia hiyo hakuna mahali ambapo ndoo, kijicho au tabia ya mama vinaingia.

Mawili ya kufanya. Mtoto aendelee na kliniki ya moyo hata kama anaonekana mzima. Tundu jingine hufunga lenyewe, jingine linahitaji mkono wa daktari, na eko ndiyo inayojua. La pili: usibebe mimba nyingine bila maandalizi. Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi ana uwezekano wa asilimia 2 hadi 5 hivi wa kupata mwingine, na foliki ya kipimo kikubwa, ikianza kabla ya mimba, inaupunguza sana. Nimelieleza zaidi kwenye jibu la mkunga hapa chini, lisome.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Mwalimu anasema ukiharibu jeni ya panya unajua kazi yake kwa binadamu. Mbona panya si mtu? Na wanaiharibuje jeni moja bila kugusa nyingine? – Tanga

Shaka yako ni nzuri, ishike.

Kuhusu kuharibu jeni moja: miaka ya 1980 Mario Capecchi na Oliver Smithies, kila mmoja kwenye maabara yake, walipata njia ya kupeleka kipande cha DNA ndani ya seli kikajipachika palepale panapokusudiwa. Martin Evans alikuwa amepata seli za kiinitete cha panya zinazoweza kukuzwa maabara na bado zikatengeneza mnyama mzima. Ukiunganisha mambo hayo mawili, unaharibu jeni kwenye seli, unaiweka seli ndani ya kiinitete, na vizazi vinavyofuata vinazaliwa bila jeni hiyo. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2007. Siku hizi kuna njia ya haraka zaidi, CRISPR, ambayo utaisoma chuoni.

Kuhusu panya na mtu, fuata safari ya jeni moja uone. Watu waliokuwa wakichunguza inzi waligundua kwamba inzi aliyekosa jeni fulani hana moyo kabisa. Ikatafutwa jeni inayofanana nayo kwa panya, ikapatikana, ikapewa jina Nkx2-5. Mwaka 1995 ilizimwa. Moyo wa panya ukaanza, ukawa mrija, ukapiga, lakini haukujikunja. Moyo wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo lazima ujikunje ili vyumba vikae mahali pake. Vijusi vikafa siku ya tisa au ya kumi. Kisha mwaka 1998 kikundi cha Boston kikachunguza familia nne ambazo tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo lilikuwa likirithiwa, pamoja na kasoro ya umeme wa moyo inayofanya wengine wawekewe betri. Wote walioathirika walikuwa na jeni hiyohiyo mbovu. Toka kwa inzi mpaka kwa bibi na wajukuu zake ni miaka michache tu.

Lakini tazama tofauti. Panya mwenye nakala moja mbovu ya Nkx2-5 mara nyingi ana kasoro ndogo sana. Binadamu mwenye nakala moja mbovu anaumwa. Panya anaweza kukwambia jeni inahusika na kazi gani; asikwambie ugonjwa utakuwa mkubwa kiasi gani kwa mtu. Hata kwa panya wenyewe, jeni moja mbovu kwenye ukoo wa panya weusi inaweza kuua, na kwenye ukoo mwingine isionekane sana. Jeni haifanyi kazi peke yake. Mwalimu wako akisema "unajua kazi yake kwa binadamu", muombe kwa heshima aseme "unapata pa kuanzia".

Dokta, mimi ni mkunga kwenye zahanati, huku Kigoma. Akina mama wanakuja kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne, mitano. Tunawapa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na foliki. Nimesoma kwamba foliki inazuia mgongo wazi. Inazuia kweli ikitolewa wakati huo? Na kwa nini kuna waliomeza wakapata mtoto mwenye shida hiyohiyo? – Mkunga

Dada mpendwa, ninyi ndio mnaolibeba jambo hili, kwa hiyo nakujibu bila kuzungukazunguka. FEFO ya mwezi wa tano inaongeza damu, na damu inaokoa maisha ya mama wakati wa kujifungua. Endelea kuitoa. Kwa mgongo wazi imechelewa. Mrija ulishafunga, au ulishashindwa kufunga, kwenye wiki ya sita ukihesabu tangu hedhi ya mwisho.

Kwamba foliki inafanya kazi hakuna ubishi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika kwenye vituo 33 vya nchi 7. Wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili walipewa miligramu 4 za foliki kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba. Waliorudiwa na tatizo walipungua kwa asilimia 72. Baki uliyoiona wewe, yaani wale waliomeza bado wakapata, iko humohumo kwenye asilimia zilizobaki. Panya wanatueleza sababu. Panya wa doa jeupe niliyemtaja hapo juu, mama yake akipewa foliki, wenye mgongo wazi wanapungua. Yupo panya mwingine mwenye mkia uliojikunja, ambaye jeni yake dhaifu inaitwa Grhl3. Huyu ukimpa foliki hupati kitu, ila dutu nyingine iitwayo inositoli inamsaidia. Mgongo wazi kwa macho ni mmoja. Kwenye jeni ni mingi: orodha ya jeni za panya zinazoweza kuusababisha inapita 200.

Kwa hiyo mwanamke aliyemeza foliki kwa wakati na bado akapata mtoto mwenye mgongo wazi asiambiwe alisahau vidonge. Nimewaona wanaosemwa hivyo mbele ya watu wodini, na inaniuma.

Sasa, nani apewe na lini? Mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba anahitaji miligramu 0.4 kila siku, kabla. Nafasi ya kumpata si kliniki ya wajawazito. Ni siku anapokuja kuondoa kijiti au kuacha sindano kwa sababu anataka mtoto, ni siku analeta mtoto wake mkubwa kwenye chanjo. Mwambie hapo. Unga uliowekwa virutubishi unasaidia pia, na Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 2011, lakini wewe na mimi tunajua kwamba mama wa kijijini anasagisha mahindi yake kwenye mashine ya mtaani na hakuna anayemwongezea kitu.

Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa, kwa ushauri wa daktari. Vidonge vingi vya foliki peke yake vilivyo madukani ni vya miligramu 5, na ndivyo hutumika. Kipimo hicho huishia wiki ya 12. Zingatia hili: Shirika la Afya Duniani linaelekeza foliki ya miligramu 5 au zaidi isiende pamoja na SP ya malaria, kwa sababu inapunguza nguvu ya SP. Kwa kuwa SP inaanza wiki ya 13, ukishusha foliki kwa wakati dawa hizo mbili hazigongani.

Waulize pia kuhusu kisukari na kifafa. Watafiti wa Boston walionyesha kwamba sukari ikipanda kwa panya mwenye mimba, Pax3 inapungua kwenye kiinitete ambacho jeni zake ni nzima kabisa. Yaani sukari inafanya kile ambacho jeni mbovu ingefanya, na kama ungetarajia, watoto wa akina mama wenye kisukari kisichodhibitiwa wanapata zaidi kasoro za mgongo na za moyo. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti nayo inajulikana kuleta mgongo wazi. Mama asiiache ghafla, kifafa kinaua. Apelekwe kwa daktari abadilishiwe kabla ya kushika mimba.

Mimba zangu tatu zimetoka zikiwa na wiki nane hadi kumi. Hospitali wanasema kizazi hakina shida. Ina maana watoto wangu walikuwa na moyo mbovu? – Msomaji, Mombasa

Pole sana, mama. Tatu ni nyingi kwa moyo wa mtu yeyote.

Takribani nusu ya mimba zinazotoka mapema hutokana na idadi ya kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba jeni, kutokuwa sawa, na mara nyingi hilo ni tukio la bahati mbaya lisilorithiwa. Jeni ni sehemu nyingine ya hadithi. Panya wakizimwa jeni mojamoja, karibu theluthi moja ya jeni hizo ni za lazima: kijusi kikizikosa hakizaliwi hai. Kwa miaka mingi tulipokuta kijusi kimekufa tulitazama moyo, kwa kuwa ndio kiungo cha kwanza kufanya kazi. Kondo la nyuma tuliliweka pembeni, na wengine walilitupa. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya uchunguzi uliorudi kwenye kondo za aina 103 za panya waliozimwa jeni. Kwa wale ambao vijusi vyao hufa kuanzia katikati ya mimba, asilimia 68 walikuwa na kondo lenye kasoro. Na kasoro za kondo zilikwenda pamoja na kasoro za moyo, za mishipa ya damu na za ubongo. Kuna ambao moyo wao uliumia kwa sababu kondo lilikuwa bovu.

Kwa hiyo siwezi kukwambia ni moyo, na asikwambie mtu mwingine bila kupima. Ninachokuomba: wewe na mume wako nendeni kwa daktari bingwa wa wanawake pamoja, muulize kipimo cha kromosomu zenu wote wawili, upimwe sukari, tezi ya shingo, na lile tatizo la damu kuganda linaloitwa antifosfolipidi, ambalo lina tiba. Akikataa mume kwenda, mwambie nusu ya jeni zote ni zake.

Daktari, mimi na mke wangu ni mtoto wa mjomba na wa shangazi. Mtoto wetu wa kwanza ana tundu moyoni. Ndugu wanataka tuachane ili tusipate mwingine. Unashauri nini? – Baba, Zanzibar

Msiachane kwa ajili ya hilo, baba.

Mabinamu wana babu na bibi mmoja, kwa hiyo jeni mbovu iliyojificha kwa babu inaweza kumfikia mtoto kwa njia mbili na kukutana. Ni kama nilivyoeleza kwa panya wa mkia uliopinda: nakala moja mnyama anaishi, mbili ndipo tatizo linajitokeza. Lakini kipimo cha hatari ni hiki. Kwa wazazi wowote wale, watoto 2 au 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza huongezeka 2 au 3 wengine. Zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wa mabinamu huzaliwa wazima. Na tundu la moyo ni tatizo la kawaida. Kasoro za moyo za kuzaliwa hupata karibu mtoto 1 kati ya 100 duniani kote, wazazi wawe ndugu au wasiwe.

Mama aanze foliki sasa, kabla ya mimba. Akishika, aombe utrasaundi ya kuangalia moyo wa mtoto kati ya wiki ya 18 na 22, na amweleze mpimaji kuhusu mtoto wa kwanza, kwa maana asipoambiwa huenda asiutazame moyo kwa makini. Wewe nawe waulize wazee wa pande zote mbili kama kuna watoto waliofariki wachanga, walikuwa na umri gani na walionekanaje, uandike kwenye karatasi na uende nayo kwa daktari.